Ova ya 30 ni ya Nani?

Kwa miaka tisa nilikuwa nahodha wa klabu ndogo ya kriketi hapa Kampala. Wachezaji wake walikuwa Waganda, Wasoga, Wagujarati waliozaliwa hapa hapa, na Wakenya wawili waliokuja kusoma wakasahau kurudi kwao. Lugha ya uwanjani ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeweza kudai kuwa ni ya kwao zaidi ya wenzake, na katika lugha hiyo hakuna jambo tulilobishania kuliko safu ya warushaji. Kila Ijumaa jioni kamati ya uteuzi, yaani mimi, naibu wangu na mzee mmoja aliyetunza daftari la mikimbio (ndizo pointi za kriketi), ilikaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, ikala rolex, zile chapati zilizoviringishiwa mayai, zilizokwisha poa, na kuulizana swali lile lile: wa kasi wangapi, na wa spini, wanaourusha mpira polepole ukijizungusha, wangapi? Ilinichukua muda mrefu, na mechi kadhaa nisizopenda kuzikumbuka, kugundua kwamba tulikuwa tukiuliza swali lisilo na jibu.

Ni vyema niseme mapema kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mrushaji wa kasi, maana kila mteuzi huipendelea kazi aliyoifanya yeye. Nilijifunza mchezo huu Jinja, katika nyumba za reli alikokuwa akifanya kazi baba yangu, na shuleni tulicheza juu ya mkeka wa nyuzi za nazi uliotandikwa juu ya sakafu ya saruji. Mkeka ule ulinifundisha kitu ambacho sikukielewa hadi ukubwani. Ukivutwa ukakazwa barabara kwa misumari, mpira ulidunda ukapanda hadi kifuani, na sisi wa kasi tulionekana watu wa kutisha. Ukilegezwa hata kidogo, nyuzi ziliuma mshono wa mpira, na vijana wa spini walioonekana wanyonge wakaanza kuwazungusha wapigaji kama watoto wanaofukuza kuku. Asubuhi ya mechi ugomvi wa kwanza haukuwa kati ya timu mbili, ulikuwa kati yetu sisi wenyewe: nani akaze misumari, na kwa nguvu kiasi gani. Tulidhani tunagombea mkeka, kumbe tulikuwa tayari tunachagua safu ya warushaji.

Mechi iliyonifungua macho ilichezwa Entebbe, ya ova 50, yaani zamu 50 za mipira sita sita, kwa kila upande. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na nilipofika saa mbili na nusu asubuhi niliona nyasi za pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodunda, zikiwa za kijani, nikachomeka ufunguo wa gari ukazama bila kugoma. Nikafurahi, kwa kuwa unyevu huwasaidia wa kasi. Nikateua warushaji wanne wa kasi, wa tano akawa kijana mmoja wa kasi ya wastani aliyekuwa pia mpigaji mzuri, na nikamwacha nje mrushaji wetu wa spini aliyekuwa tayari amevaa viatu. Sheria inamruhusu kila mrushaji ova 10 katika mechi ya namna hiyo, kwa hiyo watano walitosha kwa ova 50, na hesabu yangu ilikuwa safi. Nilishinda kura ya sarafu, nikaamua turushe kwanza, na ndani ya ova nane wapigaji watatu wa wapinzani walikuwa wametolewa na kurudi kivulini.

Kisha jua likatoka. Anayejua Entebbe anajua jinsi jua la baada ya mvua linavyoukausha udongo kwa ghafla. Kufikia saa tano unyevu uliokuwa ukiukamata mshono ulikuwa umekwisha, mpira umepoteza mng'ao, na warushaji wangu watano, ambao kwa mpigaji walikuwa mtu mmoja mwenye sura tano, wakawa wanauleta mpira kwa kasi ile ile na urefu ule ule. Mpigaji mzuri akipewa kasi hahitaji nguvu za kwake: huweka gongo tu, na kasi ya mrushaji yenyewe huusukuma mpira hadi mpakani. Wapigaji wawili walikaa pamoja tangu ova ya tisa hadi ya 38. Vijana wangu wakawa wanatembea polepole kurudi mwanzo wa mbio zao, mwamuzi akawa ananionyesha saa kwa sababu tulikuwa nyuma ya ratiba, nami nikawa nimesimama katikati ya uwanja nikiwa na mpira mkononi na sina mtu wa kumpa. Yule wa spini aliyebaki nje alituletea maji mara mbili, na hakunitazama usoni.

Tuliposhindwa, mzee wa daftari hakunilaumu. Alisubiri wengine wapande matatu ya kurudi Kampala, akafungua daftari, akaniambia:

"Nahodha, ova ya 30 ilikuwa ya nani?"

Nikamtajia jina la aliyeirusha.

"Hapana, huyo ni aliyeirusha. Mimi nauliza ilikuwa ya nani. Asubuhi ulipoandika majina, ova ya 30 ulimwandikia nani?"

Sikuwa nimemwandikia mtu. Nilikuwa nimeteua watu kwa ajili ya ova kumi za kwanza, kisha nikatumaini kwamba arobaini zilizobaki zitajirusha zenyewe. Mzee akachora mistari kwenye ukurasa mtupu, vyumba hamsini, akanipa kalamu. Aliniambia kwamba kazi hiyo aliijua tangu zama za mechi za ova 60, alipoifuatilia timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, akiwemo Mganda John Nagenda aliyekuwa mrushaji wa kasi. Wakati huo kila mrushaji aliruhusiwa ova 12, na hesabu ilikuwa ndefu zaidi. "Andika jina katika kila chumba," akasema, "na pembeni yake andika kazi anayokwenda kuifanya. Ukikuta majina mawili yana kazi moja, huna warushaji wawili. Una mmoja anayelala zamu."

Kuanzia siku hiyo niliacha kuhesabu vichwa, nikaanza kuhesabu kazi. Iko kazi ya mpira mpya, ambayo inataka mtu wa kuutumia mshono na ngozi iliyo ngumu bado. Iko kazi ya kurusha dhidi ya upepo, ambayo kila mtu huikimbia. Pale Entebbe upepo wa ziwani huanza kuvuma mchana kuja nchi kavu, na mwenye kasi akirushia upande ule huchoka kabla ya ova ya nne, ilhali wa spini mwenye akili huufurahia kwa sababu humzuilia mpira hewani ukaanguka mapema kuliko mpigaji alivyodhani. Iko kazi ya katikati, ya kubana mikimbio wakati wapigaji wamezoea pichi na hawana haraka. Na iko kazi ya mwisho, ambapo wapigaji wanapiga kila kitu na unahitaji mtu wa kuuangusha mpira miguuni mwao mara sita mfululizo bila kutetemeka. Katika mechi za ova 20, ambapo kila mtu ana ova nne tu na katika sita za kwanza ni wachezaji wawili pekee wa timu inayorusha wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara la ndani ya uwanja, kazi hizi husongamana lakini hazibadiliki majina.

Hata hivyo mwanafunzi aliyechapwa hukimbilia upande wa pili wa chumba, nami sikuwa tofauti. Msimu uliofuata nilijaza spini. Mechi moja Lugogo, mwezi wa nne, nilipanga watatu: wawili wa mkono wa kushoto wa kuzungusha kwa vidole, na mmoja wa mkono wa kulia. Nilijiona mtu aliyesoma. Nilisahau kwamba mwezi wa nne Kampala ni mwezi wa mvua, na kwamba mawingu ya saa nane mchana hayamwombi nahodha ruhusa. Manyunyu yalianza katika ova ya 16, madogo kiasi cha mwamuzi kukataa kutuondoa uwanjani, lakini yalitosha kuzilowesha nyasi. Mpira uliokwenda mpakani ukarudi ukiwa na maji kama mche wa sabuni.

Nataka msomaji auone mkono wa kijana wangu katika ova ile. Alikuwa na taulo dogo kiunoni, akaufuta mpira, akaufuta tena, akachota unga wa mbao tuliomwaga nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, akausugua katikati ya viganja, kisha akaweka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono kama kawaida. Spini ya vidole ni kazi ya msuguano: kidole kinauvuta mshono kama mtu anayefungua kitasa, na usipopata pa kushika, mpira hutoka umenyooka na polepole, ambao ndio mpira rahisi kuliko yote duniani. Mara tatu katika ova moja ulimponyoka ukaenda moja kwa moja juu ya kiuno cha mpigaji bila kudunda, mwamuzi akanyoosha mkono kila mara kuonyesha kwamba mpira ni haramu. Kijana alinitazama, nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu mrushaji wa kasi ya wastani ambaye angeweza kuushika mpira ule kwa kiganja kizima alikuwa nyumbani kwake Ntinda. Tangu siku hiyo, katika miezi ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, chumba kimoja katika orodha yangu ni cha mtu wa mvua. Pengine harushi hata mpira mmoja. Lazima awepo.

Kosa la pili la siku ile lilikuwa la kiufundi zaidi, na naliona kila mwaka katika klabu nyingine. Mrushaji wa kushoto wa vidole huupeleka mpira mbali na mpigaji wa mkono wa kulia, lakini kwa mpigaji mashoto mpira huo huo unamjia ndani, upande anaopenda kupiga. Wapinzani walikuwa na mashoto wawili miongoni mwa wapigaji wao watano wa kwanza, na nilikuwa najua. Nilikuwa na spini tatu, lakini mbele ya wapigaji wale nilikuwa na spini moja tu ya maana, yaani yule wa mkono wa kulia ambaye mpira wake unawakimbia mashoto. Nilimpa ova zake mapema sana, dhidi ya watu wasiofaa, na mashoto walipoingia alikuwa amebakiwa na ova mbili.

Wanaopenda spini huniletea kila mara mfano wa Frank Nsubuga, na mimi huupokea kwa furaha kwa sababu usiku ule sikulala. Ilikuwa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, la kwanza kwa Uganda, baada ya timu yetu kuishinda Zimbabwe kule Windhoek mwaka 2023 na kuipita katika kufuzu. Uwanja wa Providence, Guyana, dhidi ya Papua New Guinea, huku kwetu ikiwa usiku wa manane. Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, mkubwa kuliko wachezaji wote wa mashindano yale, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Papua New Guinea wakatolewa wote kwa mikimbio 77, na Uganda ikashinda kwa wiketi tatu baada ya kututesa roho hadi ova ya 19. Hakuna aliyekuwa amerusha ova nne kwa mikimbio michache hivyo katika mashindano hayo.

Lakini mtu akiniambia kwamba huo ni ushahidi wa spini, humwomba atazame orodha nzima ya usiku ule. Juma Miyagi na Cosmas Kyewuta, wote wa kasi, nao walichukua wiketi, na Alpesh Ramjani wa mkono wa kushoto akachukua zake. Kazi ziligawanywa. Nsubuga aliwakuta wapigaji waliokwisha tikiswa na mpira mpya, wanaotafuta mahali pa kupumua, akawanyima. Na siku chache baadaye, kule Trinidad, Lockie Ferguson wa New Zealand, mtu wa kasi kubwa, aliirushia Papua New Guinea hiyo hiyo ova nne bila kutoa mkimbio hata mmoja, akachukua wiketi tatu. Timu ile ile, wiki mbili zile zile, mmoja mzee anayeupandisha mpira hewani polepole na mwingine anayetaka kuuvunja mguu wako. Ndiyo maana mimi sina dhehebu katika jambo hili.

Kuna jambo moja ambalo orodha ya vyumba hamsini haikunionyesha, na ndilo linaloniuma zaidi kuliko mechi zilizopotea. Tulikuwa na kijana wa miaka 18, mrushaji wa spini wa mkono wa kulia, aliyeupandisha mpira juu ya macho ya mpigaji kwa ujasiri ambao haufundishiki. Mechi yake ya tatu, Kyambogo, mpigaji mmoja mzoefu alimpiga sita mbili, mipira inayovuka mpaka bila kugusa chini, katika ova moja. Nilimtoa. Sikusema neno baya, nilimpiga begani tu, nikampa mpira mtu wa kasi. Mechi iliyofuata nilimrudisha, akarusha ova tatu, kila mpira ukiwa bapa, wa haraka, salama. Hakupigwa sita. Hakuchukua wiketi pia. Nilimsifu, na kumsifu kule kulikuwa kosa la pili juu ya lile la kwanza, kwa maana nilimfundisha kwamba kwangu mimi usalama ndio ufundi.

Mwisho wa msimu nilikaa na mzee, tukapitia daftari lake lote. Wa spini wote niliowateua walikuwa wamerusha chini ya nusu ya ova walizoruhusiwa. Wa kasi walikuwa wamerusha karibu zote. Kwenye karatasi ya Ijumaa safu yangu ilikuwa na uwiano mzuri sana, lakini uwanjani Jumapili, mimi mrushaji wa kasi, kila nilipoogopa nilimkimbilia mtu anayefanana na mimi. Mrushaji wa spini hupigwa, hiyo ni sehemu ya chambo chake: anayetaka mpigaji atoke nje ya mstari wake lazima ampe sababu ya kutoka. Nilikuwa namnunulia mvuvi chambo, halafu nampokonya ndoana samaki akigusa maji.

Nilijifunza pia, kwa njia ndogo zaidi, kwamba mlinda wiketi ni sehemu ya safu ya warushaji. Mlinda wetu wa kwanza alikuwa hodari akisimama mbali nyuma, akidaka mipira ya kasi kwa kuruka, lakini akisogea karibu na vijiti kwa ajili ya spini alifumba macho mpira unapopita gongo. Kumteua pamoja na watu watatu wa spini ni sawa na kununua mtumbwi bila kasia. Siku hizi kabla sijaandika jina la mrushaji wa tatu huuliza kwanza nani amevaa glavu.

Mechi yangu ya mwisho kama nahodha ilikuwa Entebbe tena. Ufunguo ulizama kidogo, nyasi zilikuwa za kijani, na sikutabasamu wala kuogopa. Niliteua wawili wa kasi kwa mpira mpya, mmoja wa kasi ya wastani ambaye kazi yake ilikuwa upepo na mvua, mmoja wa mkono wa kushoto, na yule kijana wa Kyambogo, ambaye sasa alikuwa na miaka 20 na ndevu chache. Wapinzani walikuwa na shoto mmoja, mpigaji wao bora. Katika karatasi yangu, chumba cha 30 kilikuwa na jina la kijana, na pembeni nilikuwa nimeandika: shoto, upepo usoni, juu.

Ilipofika ova ya 30 yule shoto alikuwa amekaa, mikimbio arobaini na kitu. Nilimpa kijana mpira, nikamwambia neno moja tu, "Juu." Mpira wa kwanza aliupandisha, ukapigwa sita, ukaangukia karibu na mwavuli wa mzee wa daftari. Naibu wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa uwanja akiwa amekwisha nyoosha mkono kumwita mtu wa kasi. Nilifunga mikono yangu nyuma ya mgongo, kwa sababu niliijua tabia ya mikono hiyo. Wa pili akaupandisha juu zaidi, upepo ukauzuia, shoto akatoka nje ya mstari, akaukosa, na mlinda wiketi naye akaukosa. Wa nne alimpiga nne. Wa sita uligusa ukingo wa gongo, ukapita katikati ya watu wetu wawili waliotazamana kila mmoja akingoja mwenzake, na wapigaji wakakimbia mara moja.

Mikimbio kumi na moja, hakuna wiketi. Mzee aliinama chini ya mwavuli wake, akaandika. Ova ya 31 ikarushwa kutoka upande wa ziwa. Kisha nikamwita kijana, nikamrudishia mpira kwa ajili ya ova ya 32.